Anayesindikiza Hurudi Wapi? Siku ya Kwanza ya Msafiri wa Peke Yake

Katika simulizi za safari ndefu za barabarani, siku ya kwanza ndiyo inayosomwa kwa haraka kuliko zote. Msomaji ana hamu ya kufika mbali, kwenye majangwa, milima na watu wa ajabu, na mhakiki naye hupenda kuanzia pale mambo yanapochacha. Siku ya kwanza huhesabiwa kuwa utangulizi tu: mizigo imepakiwa, tangi limejazwa, mlango umefungwa. Lakini ndiyo siku ambayo mwandishi anaamua jambo litakalotawala kitabu chote. Msafiri wa peke yake hukutana na watu tangu asubuhi ya kwanza mpaka anaporudi. Barabara ya gari si nyika tupu. Upweke wake hutengenezwa na uamuzi wa nani aachwe nje ya gari na nani aachwe nje ya ukurasa, na mara nyingi uamuzi huo hufanyika kabla jua la siku ya kwanza halijazama.

Kiswahili kina kitenzi ambacho uhakiki wa simulizi hizi ungeweza kukitumia kwa faida: kusindikiza. Anayesindikiza hasafiri. Anatembea na anayeondoka mpaka mahali fulani, mlangoni, mwisho wa mtaa, stendi ya basi au forodhani, kisha anageuka. Umbali anaokwenda ni kipimo cha heshima na mapenzi, na mahali anapogeukia ndipo safari inapoanza kweli. Methali isemayo msafiri ni aliye bandarini ina maana hiyo hiyo: nia na matayarisho havimfanyi mtu kuwa msafiri mpaka afike pale ambapo wengine watabaki na yeye ataondoka. Kila simulizi ya safari, basi, inaweza kuulizwa maswali mawili. Nani alimsindikiza msafiri? Na aligeukia wapi?

Sarufi nayo ina la kuchangia. Neno *peke*, kwa maana hii, halisimami lenyewe; lazima liwe na mwenyewe: peke yangu, peke yake, peke yao. Anayesema amesafiri peke yake ametaja kitu anachokimiliki, na kitu kinachomilikiwa kinaweza kuulizwa kimepatikanaje na kimelipiwa na nani.

Simulizi za safari za kale katika nathari ya Kiswahili hazikuujali sana upweke huo. Katika *Safari za Wasuaheli*, mkusanyiko uliochapishwa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1901, wasimulizi kama Sleman bin Mwenye Chande na Mtoro bin Mwinyi Bakari wanasafiri katika misafara, na mara msafara unapoanza kutembea, nafsi inayotembea ni "sisi". Hata Selim bin Abakari, Mngazija aliyekwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 pamoja na Mjerumani aliyekuwa akimtumikia, Theodor Bumiller, hakuhitaji kujidai kuwa peke yake ili msomaji amwamini. Alichohitaji ni kutaja miji, vyakula, mavazi, bei na baridi. Katika fani hiyo, ukweli wa msafiri unatokana na mashahidi na vituo. Aliyeona pamoja na wengine ndiye anayesadikika.

Siku ya kwanza ya misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo na bandari nyingine za mrima ilikuwa na utaratibu wake. Kwanza ilitafutwa siku njema. Mwalimu aliulizwa, nyota zikatazamwa, na siku yenye nuhusi ikaepukwa. Kisha mizigo ikafungwa, na ndiyo maana mpaka leo Mswahili "hufunga" safari, hata kama mzigo wake ni sanduku moja lenye magurudumu. Mwendo wa siku ile ulikuwa mfupi kwa makusudi. Kambi ya kwanza ilipigwa karibu na mji, ili aliyesahau kitu arudi akichukue, aliyechelewa afike, na aliyetoroka ajulikane mapema. Kwa hiyo siku ya kwanza ilikuwa bado ni ya mji, na msafara ulilala pale ambapo sauti ya nyumbani ilikuwa bado inaweza kuufikia. Busara ya utaratibu huo ni kwamba kuondoka hakufanyiki kwa mara moja.

Barabara ya Marekani ya karne ya 20 ilizaa fani yenye madai tofauti, na mfano wake maarufu ni *Travels with Charley* cha John Steinbeck, kilichotoka mwaka 1962, mwaka ule ule alipopewa Tuzo ya Nobel. Steinbeck alikuwa na umri wa miaka 58 alipoondoka nyumbani kwake Sag Harbor, kwenye kisiwa cha Long Island, mnamo Septemba 1960. Alikuwa ameugua, na hakutaka kuingia katika uzee wa kutunzwa kama yai. Aliagiza aundiwe gari: pikapu yenye kibanda cha kulala nyuma, aliyoiita Rocinante kwa jina la farasi wa Don Quixote. Mwenzake alikuwa Charley, mbwa mzee aliyezaliwa Ufaransa. Lengo alilolitangaza lilikuwa kuijua upya nchi aliyokuwa akiiandika kwa miaka mingi bila kuiona, na sharti alilojiwekea ni kwenda peke yake na bila kujulikana.

Kurasa za kuondoka zina watu wengi kuliko mtu angetarajia katika kitabu cha mpweke. Majirani na wapita njia wanakuja kuliangalia gari, na macho yao yana kiu ya kwenda, popote, mradi si pale walipo. Mtoto wa kiume anakuja mara kwa mara akiomba achukuliwe. Yuko tayari kupika, kuosha vyombo na kufanya kazi zote. Kabla ya hapo kimepita kimbunga Donna, na mwandishi anajitosa majini kuiokoa mashua yake, aliyoipa jina linalomkumbusha mkewe, Elaine. Mizigo inapakiwa kupita kiasi: zana, vitabu vizito ambavyo hakuwahi kupata wasaa wa kuvisoma, karatasi za kuandikia, bunduki na nyuzi za kuvulia samaki. Bunduki na nyuzi zina kazi yake. Mwanamume anayezurura bila sababu hutiliwa shaka, lakini mwindaji haulizwi anakwenda wapi. Tangu siku ya kwanza, basi, msafiri huyu anajua kwamba upweke unahitaji kisingizio mbele ya jamii.

Na kusindikizwa? Steinbeck anakukata kwa makusudi. Kuagana kwake na mkewe hakukawizwi: mke anaelekea New York, mume anaelekea kwenye vivuko, na kila mmoja anageuka kwa wakati mmoja. Hakuna anayebaki akimtazama mwingine akitokomea. Ni mbinu ya mtu anayeogopa kwamba akisindikizwa hata hatua kumi hatakwenda. Kisha maji yanafanya kazi ambayo watu wamenyimwa. Kwa kuwa Sag Harbor iko kisiwani, siku ya kwanza ya safari hii ya barabara inapita majini, kivuko baada ya kivuko, mpaka pwani ya Connecticut. Njiani anaona nyambizi, na kijana wa jeshi la majini anamweleza bila wasiwasi juu ya maisha ya miezi chini ya bahari. Steinbeck, aliyewahi kuvuka Atlantiki wakati wa vita akiiogopa nyambizi, anamsikiliza kijana anayeiona kuwa ni kazi nzuri yenye mustakabali. Hapa ndipo siku ya kwanza inapofikia kilele chake cha sanaa: mzee anayesifu upweke wake mdogo ndani ya pikapu anakutana na upweke mkubwa wa enzi ya nyuklia, nao una sura changa yenye furaha.

Baada ya hapo, kituo chake cha kwanza cha maana ni shule ya bweni huko Deerfield, Massachusetts, alikokuwa mwanawe, na wavulana wanajaa ndani ya Rocinante kama samaki ndani ya dema. Kwa mwanga wa desturi za msafara, jambo hili linaeleweka mara moja. Deerfield ni kambi ya kwanza iliyo karibu na mji. Steinbeck, aliyekataa kusindikizwa na mke, amekwenda mwenyewe kumtafuta msindikizaji mwingine. Kitabu hakikiri hivyo, lakini kinafanya hivyo.

Shida ya kitabu hiki iko mbele zaidi, ingawa mizizi yake ni hapa. Mwandishi anapofika Chicago anakutana na mkewe, na anamwambia msomaji waziwazi kwamba kituo hicho kilimrudishia jina, utambulisho na ndoa yake, kwa hiyo hakifai katika simulizi. Ni maungamo ya ajabu. Furaha ya kweli inaondolewa kwa kuwa inaharibu umbo la kitabu. Mwaka 2010 mwandishi wa habari Bill Steigerwald aliifuata njia ya Steinbeck na kuusoma mswada wa kwanza uliohifadhiwa katika Maktaba ya Morgan, New York. Alionyesha kwamba Elaine alikuwa naye kwa siku nyingi zaidi, hasa upande wa pwani ya magharibi, na kwamba kurasa zilizomtaja ziliondolewa. Toleo la miaka 50 la kitabu, mwaka 2012, lilikuja na utangulizi wa Jay Parini uliomtahadharisha msomaji asikichukue kitabu hiki kuwa ukweli mtupu.

Wapo wanaosema kwamba ugunduzi huo hauna uzito, kwa kuwa Steinbeck ni mtunzi wa riwaya na msanii ana ruhusa yake. Hoja hiyo ina nguvu kwa mazungumzo aliyoyanakshi na mandhari aliyoyapanga upya. Haina nguvu kwa Elaine. Ahadi ya siku ya kwanza ilikuwa kwamba mtu mmoja ataiona nchi kwa macho yake na kuitolea hukumu. Mamlaka ya hukumu hiyo yaliegemea upweke. Ikiwa jioni fulani palikuwa na mtu wa pili mezani aliyesema "hapana, mimi sikuona hivyo", basi kilichofutwa ni shahidi. Wasimulizi wa *Safari za Wasuaheli* wasingeuelewa ushindi wa namna hiyo. Kwao, kumfuta mwenzako wa njiani ni kujipunguzia thamani ya ushuhuda wako mwenyewe.

William Least Heat-Moon anaikabili siku ya kwanza kwa njia nyingine katika *Blue Highways*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1982. Jina la kitabu linatokana na ramani za zamani, ambazo barabara kuu zilichorwa kwa rangi nyekundu na njia za pembeni kwa buluu. Mwandishi, ambaye jina lake jingine ni William Trogdon na ambaye ana asili ya Waosage, alikuwa na miaka 38. Mwezi Februari 1978 alipata habari kwamba kazi yake ya kufundisha katika chuo kimoja mjini Columbia, Missouri, imekwisha kwa sababu wanafunzi wamepungua. Siku hiyo hiyo, katika mazungumzo ya simu na mkewe waliyetengana, alielewa kwamba huko nako pamefungwa. Tarehe 20 Machi aliondoka na gari lake aina ya Ford, kwa safari ya maili 13,000 itakayozunguka nchi na kumrudisha alikoanzia.

Tofauti ya kwanza iko katika mizigo. Steinbeck anaiorodhesha mizigo yake kwa kicheko cha mtu mwenye nacho. Heat-Moon anahesabu: mfuko wa kulalia, kamera, kadi za kununulia mafuta, dola 26 mfukoni na dola 428 zilizofichwa garini, ambazo ndizo akiba yake yote iliyobaki. Tarakimu hizo zinafanya kazi kubwa ya kifasihi. Zinamwambia msomaji kwamba safari hii ina mwisho unaohesabika, na kwamba upweke wa msafiri una risiti. Msafiri maskini ajapokuwa sultani, wanasema wahenga. Huyu hakuwa na usultani wa kuupoteza, na hakujifanya kuwa nao.

Tofauti ya pili iko katika kusindikizwa. Hakuna aliyetoka mlangoni kumwona Heat-Moon akiondoka, na kitabu hakijaribu kuifanya hali hiyo kuwa ushujaa. Mkewe yumo tangu kurasa za mwanzo kama sauti ya simu na kama kukosekana. Anayemsindikiza ni yule aliyekwisha kugeuka kabla safari haijaanza. Kabla usiku wa kwanza haujamkuta, ameuvuka mto Mississippi na kuingia Illinois, na analala Grayville, ukingoni mwa mto Wabash. Hakuna mwana wa kumtembelea wala wavulana wa kulijaza gari. Kuna vitabu viwili alivyovichukua, mashairi ya Walt Whitman na masimulizi ya Black Elk, mzee wa Kilakota, yaliyoandikwa na John Neihardt. Mmoja anaimba nchi inayopanuka, mwingine anasimulia waliopokonywa nchi hiyo. Msafiri amewapakia wote wawili nyuma ya gari na kwenda nao bila kuwapatanisha.

Gari lenyewe aliliita Ghost Dancing, kwa kukumbuka ngoma ya imani ya mwishoni mwa karne ya 19 ambayo kwayo watu wa asili wa nyanda za Marekani walitumaini kuwarudisha wafu na maisha ya zamani. Inafaa kutua hapa, kwa kuwa wasafiri wote wawili walianza kwa kulipa gari jina. Daladala, matatu na malori ya Afrika Mashariki nayo yana majina, methali na dua zilizoandikwa kwa rangi kali, lakini maandishi hayo huelekezwa kwa abiria, kwa wapinzani wa biashara na kwa mahasidi. Jina la gari la mpweke humwelekea dereva mwenyewe. Ni mwenzi anayeumbwa siku ambayo wenzi wamekosekana. Katika jina la Rocinante, Steinbeck alijiona mtu wa kitabuni, mzee wa ndoto anayejicheka. Katika jina la ngoma ya mizimu, Heat-Moon aliita wafu wa ukoo. Chaguo la Heat-Moon ni zito zaidi kwa sababu linamtia deni: aliyewaita wahenga lazima awasikilize.

Vitabu hivi viwili vina jambo moja ambalo msomaji wa Kiswahili hapaswi kulipita. Uhuru wa kuondoka asubuhi bila kujua utalala wapi haukuwa wa kila mtu. Mwaka 1960, Steinbeck alipokuwa akivuka maji kwenda Connecticut, Mmarekani mweusi aliyepanga safari ya namna hiyo alikuwa na sababu ya kuchukua *Green Book*, mwongozo ulioanzishwa na Victor Hugo Green wa Harlem mwaka 1936, unaotaja hoteli, migahawa na nyumba ambazo zingempokea. Siku yake ya kwanza ilianza kwa swali la usiku wa kwanza. Steinbeck mwenyewe anakutana na jambo hili karibu na mwisho wa kitabu: anampa lifti mzee mweusi huko Kusini, na mzee huyo, badala ya kufurahi, anajaa hofu ya maswali anayoulizwa na mzungu asiyemjua, mpaka anaomba ashuke. Tukio hilo linarudi nyuma na kuisoma upya siku ya kwanza. Yule aliyeficha nia yake kwa bunduki za kuwindia alidhani kila mtu anaweza kubuni kisingizio na kikakubalika. *Green Book* nalo ni aina ya usindikizaji: jamii nzima iliyochapisha anwani zake ili mtu wake asiwe peke yake barabarani.

Fasihi ya Kiswahili ya leo inasimama wapi mbele ya fani hii? Adam Shafi, katika *Mbali na Nyumbani* (2013), alionyesha kwamba safari ya kijana wa Unguja kupitia Kenya, Uganda, Sudan na Misri inaweza kubeba kitabu kizima. Lakini maisha yamekwenda mbele ya maandishi. Wazungumzaji wa Kiswahili wanaendesha malori usiku kucha katika barabara kuu za Marekani. Wengine wanatoka Muscat peke yao, wakipita Nizwa na Adam, wakiingia jangwa lililonyooka mpaka Haima na Thumrait, kabla ya kushuka Salalah, karibu kilomita 1,000 kutoka walikoanzia. Siku za kwanza za safari hizo zimejaa lugha, na lugha hiyo ni Kiswahili, lakini nyingi zimebaki katika ujumbe wa sauti wa simu na hazijafika kwenye kitabu.

Ujumbe huo wa sauti ndio unaoifanya siku ya kwanza ya msafiri wa leo kuwa jambo jipya. Dereva anatoka Muscat alfajiri, na mama yake anasoma dua kwenye simu. Akifika Nizwa dada anauliza kama amekula. Haima, anapojaza mafuta, binamu aliye London anamtania. Msindikizaji hageuki. Yuko mlangoni, yuko jangwani, yuko kwenye chumba cha kulala wageni usiku. Mwandishi anayelifuata umbo la Kimarekani bila kulichunguza atashawishika kufanya alichofanya Steinbeck: kuizima simu ndani ya simulizi hata kama haikuzimwa ndani ya gari, kwa sababu sauti za nyumbani zinaharibu picha ya mpweke na jangwa lake. Atapata kitabu safi, na atakuwa amewafuta mashahidi wake.

Njia nyingine ipo, na haihitaji kuazimwa. Nathari ya misafara ilijua kuandika "sisi" bila kumpoteza anayesimulia, na ilijua kwamba usiku wa kwanza hulaliwa karibu na mji. Mwandishi wa leo anaweza kuanza na tarakimu kama Heat-Moon: riyali ngapi, mafuta kiasi gani, nani amekopesha gari. Anaweza kuziacha sauti za simu ziingie, zikatike mtandao unapokosekana kati ya mji na mji, na zirudi. Hapo msomaji ataisikia tofauti kati ya kimya cha jangwa na kimya cha mtu aliyeamua kutojibu. Ni vimya viwili tofauti, na fasihi ya barabara imeandika zaidi kile cha kwanza. Cha pili kina mke, mama, deni na lugha ndani yake, na kinaweza kuanza kuandikwa siku ya kwanza, kabla gari halijafika Nizwa.